Mtoto ana miaka 14 na anataka sindano za kuzuia balehe: mbona madaktari wenyewe wanapingana?

Swali: Shikamoo Daktari. Namlea mtoto wa marehemu kaka yangu. Alizaliwa wa kike, sasa ana miaka 14, na tangu mwaka jana anasema yeye ni mvulana. Amesoma mtandaoni kwamba kuna sindano za kuzuia balehe na homoni za kiume, na anazitaka. Nikisoma mimi, nchi hii nakuta madaktari wanasema ni tiba inayookoa maisha, nchi ile nakuta serikali imepiga marufuku. Wote wana vyeo, wote wana tafiti. Nani anasema kweli? Na ni kweli kwamba nikikataa atajiua? Yeye hajui kama nimekuandikia. Je, nimwambie? – Shangazi

Marahaba, dada. Pole kwa kumpoteza kaka, na ahsante kwa kumbeba mwanawe. Nitakujibu kwa urefu, maana majibu mafupi ndiyo yaliyokuchanganya: kila upande umekupa sentensi moja, na sentensi hizo hazipikiki chungu kimoja.

Mimi ni daktari wa watoto na kazi yangu ni homoni. Naona watoto wasiorefuka, wenye kisukari, waliobalehe mapema mno na waliochelewa. Hizo sindano anazozitaja mtoto wako nimezichoma kwa miaka mingi, kwa tatizo lingine. Basi nianze na dawa yenyewe.

Balehe inaanzia kichwani. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Wakati ukifika, huanza kutoa homoni kwa vipindi, kama mtu anayepiga hodi, ananyamaza, kisha anapiga tena. Jirani yake, tezi ya pituitari, ikisikia hodi hiyo hutuma ujumbe kwenye ovari au korodani, nazo hutoa estrojeni au testosteroni, na mwili unabadilika. Dawa za kuzuia balehe, kama leuprorelini na triptorelini, zimetengenezwa zifanane na ile homoni ya kwanza, ila zenyewe hazipumziki. Hodi inapigwa usiku na mchana, na baada ya wiki chache pituitari inaacha kuitikia. Ovari zinanyamaza, balehe inasimama pale ilipofika. Sindano zikiachwa, baada ya miezi kadhaa mwili unaendelea na shughuli yake.

Tangu miaka ya 1980 dawa hizi zinatumika kwa watoto wanaobalehe kabla ya wakati. Namkumbuka mmoja aliyekuwa na miaka 6. Mama yake alikuja na bahasha ya eksirei ya mkono wa kushoto, picha tunayoitumia kusoma umri wa mifupa. Niliipandisha kwenye taa, na mifupa ile midogo ya kiganja ilikuwa ya mtoto wa miaka 10. Asingezuiwa, angepata hedhi kabla hajajua kusoma vizuri, na mifupa ingefunga mapema akabaki mfupi. Tulimchoma mpaka wenzake walipofikia umri wa kubalehe, tukaacha, na balehe ikaja. Ukisikia mtu anasema dawa hizi ni salama, zimetumika miaka 40 na kazi yake inarudi nyuma ukiziacha, anamzungumzia mtoto huyu. Na kwa mtoto huyu ni kweli.

Sasa tazama tofauti. Yule wa miaka 6 dawa ilimrudisha kwenye saa ya wenzake. Kijana anayezuiwa balehe kwa sababu ya jinsia anatolewa kwenye saa ya wenzake, tena katika umri ambao mifupa inaweka akiba yake kubwa ya maisha. Na wengi wao hawaachi sindano ili balehe yao irudi. Wanavuka moja kwa moja kwenda kwenye homoni za jinsia nyingine. Dawa ni ileile, safari ni nyingine, na usalama uliothibitishwa kwenye safari ya kwanza hauhamii wenyewe kwenye ya pili. Mabishano mengi unayoyasoma yangepoa kama watu wangeanzia hapo.

Safari hii ya pili ilianzia Uholanzi, miaka ya 1990. Kliniki za Utrecht na Amsterdam, ambako mwanasaikolojia Peggy Cohen-Kettenis alifanya kazi kwa nyakati tofauti, zilikuwa na swali zuri. Mtu mzima anayebadili jinsia hubaki na sauti, ndevu au matiti ambayo balehe ilimwachia, na baadhi ya mambo hayo hakuna upasuaji unaoyafuta. Je, balehe ikisimamishwa mapema, kijana hatapata nafasi ya kufikiri, na baadaye mwili usiomsaliti? Wakaweka utaratibu: sindano za kuzuia balehe kuanzia miaka 12, homoni miaka 16, upasuaji miaka 18. Walioingia walichujwa sana. Ilibidi dhiki ya jinsia, yaani mateso ya kuona kwamba mwili ulio nao haulingani na unavyojijua, iwe imeanza tangu utotoni. Ilibidi wasiwe na maradhi mazito ya akili. Ilibidi familia iwe nao bega kwa bega.

Matokeo yalitoka mwaka 2011 kwa vijana 70, na tena mwaka 2014 kwa 55 kati yao waliokwisha kupita homoni na upasuaji. Wakati wa sindano, sonona na matatizo ya tabia yalipungua, lakini dhiki ya jinsia yenyewe ilibaki palepale. Baada ya upasuaji, dhiki ilikuwa imeondoka, na maisha yao yalilingana na ya vijana wengine wa umri wao. Mmoja wa wale 70 alifariki kwa maambukizi yaliyofuata upasuaji. Juu ya tafiti hizi mbili dunia ilijenga nyumba kubwa sana.

Msingi wenyewe una nyufa, na nataka uzione kwa macho yako. Hapakuwa na kundi linganishi, yaani vijana kama wao wasiopewa dawa, kwa hiyo hatuwezi kujua ni kiasi gani cha nafuu kilitokana na dawa, kiasi gani kilitokana na miaka ya kuhudumiwa na wanasaikolojia wazuri, na kiasi gani kilitokana na kukua tu. Kuna pia dodoso lililopima dhiki. Lilikuwa na matoleo mawili, la wa kike na la wa kiume, na maswali yake hayafanani. Aliyezaliwa wa kike alianza kwa kujaza la kike, lenye maswali kama kuchukia hedhi. Baada ya upasuaji alipewa la kiume. Wakosoaji wanauliza: alama ziliposhuka, tumepima nafuu au tumebadilisha mzani katikati ya kupima? Watetezi wanajibu kwamba kumuuliza mtu kuhusu hedhi asiyoipata tena kusingekuwa na maana, na hilo nalo ni kweli. Siwezi kuamua hapo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mzani uliobadilishwa katikati hautoi jibu la kuwekea kiapo.

Kuna namba nyingine niliyoitafakari kwa miaka. Vijana wote 70 wa Amsterdam, baada ya sindano, waliendelea na homoni. London, kliniki ya Tavistock ilipojaribu utaratibu uleule kwa watoto 44 wa miaka 12 hadi 15, waliovuka ni 43. Sasa, sindano zilielezwa kwa wazazi kuwa ni muda wa kufikiri. Watu 114 wakifikiri, na 113 wakafika jibu moja, yapo maelezo mawili. La kwanza: kliniki zilichuja vizuri, na waliopewa dawa ni walewale ambao wangeendelea kwa vyovyote. La pili: kumsimamisha mtoto pale, huku mwili wake ukibaki wa kitoto na wenzake wakipevuka, kunaifunga milango mingine, ile balehe ambayo huenda ingemfanya ajione upya haikumfikia. Maelezo yote mawili yanatoa namba ileile. Daktari anayekuambia kwa uhakika ni lipi, muulize amejuaje.

Halafu wagonjwa wenyewe wakabadilika. Tavistock ilikuwa ikipelekewa watoto kama 250 kwa mwaka mnamo 2011 na 2012. Miaka kumi baadaye walizidi 5,000. Zamani wengi walikuwa waliozaliwa wa kiume wenye dhiki tangu utotoni. Sasa wengi ni waliozaliwa wa kike, hali yao imejitokeza baada ya balehe kuanza, na si wachache wenye usonji, sonona, wasiwasi au historia ya kuumizwa. Mtoto wako yuko kwenye kundi hili la pili. Tafiti za Amsterdam zilifanywa kwa kundi la kwanza.

Ndiyo maana Uingereza ilimpa Dkt. Hilary Cass, daktari bingwa wa watoto, kazi ya kupitia huduma hiyo yote. Alianza mwaka 2020, ripoti yake ya mwisho ikatoka Aprili 2024. Chuo Kikuu cha York kilimfanyia mapitio ya tafiti: 50 za dawa za kuzuia balehe na 53 za homoni. Katika kila fungu, utafiti wa kiwango cha juu ulikuwa mmoja tu. Utasikia watu wakidai kwamba Cass alitupa asilimia 98 ya tafiti. Si kweli. Za kiwango cha kati zilikuwa 25 upande wa kuzuia balehe na 33 upande wa homoni, na zilitumika. Hitimisho lilikuwa kwamba ushahidi ni dhaifu, hautoshi kusema dawa hizi zinasaidia kiasi gani, zinamsaidia nani, na kwa gharama gani mwilini.

Neno hilo "dhaifu" limevutwa huku na huku kama kamba. Kwenye lugha yetu ya tiba, ushahidi dhaifu maana yake ni kwamba jibu la kweli linaweza kuwa mbali na lile ambalo tafiti zilizopo zinaonyesha. Haumaanishi dawa haifanyi kazi. Haumaanishi dawa inadhuru. Wala hauruhusu mtu kusimama na kutangaza kwamba inaokoa maisha. Wenzangu wanaotetea tiba hii hukumbusha kwamba dawa nyingi tunazowapa watoto zimesimama juu ya ushahidi usio imara, na kwamba ule utafiti wa kura, ambapo nusu wanapewa dawa na nusu maji, hapa hauwezi kufanyika kwa siri: mtoto aliyepewa maji ataona matiti yanakua na kujua. Wana haki kusema hivyo. Mimi huwajibu kwamba udhaifu wa ushahidi unavumilika kwa kadiri ya uzito wa kinachowekwa rehani, na hapa kinachowekwa rehani ni kikubwa.

Nikitaje, ili usisikie kwa mtu wa barabarani. Wakati wa kuzuia balehe, mifupa ya kijana inaachwa nyuma na ya wenzake kwa uzito wa madini. Homoni zikianza inapanda tena, kwa baadhi bila kufikia pale ingefika. Testosteroni hushusha sauti na kuotesha ndevu, na kuacha dawa hakuirudishi sauti. Mtoto aliyezuiwa mwanzoni kabisa mwa balehe kisha akaingizwa moja kwa moja kwenye homoni, mayai au mbegu zake hazikuwahi kupevuka, kwa hiyo hana mayai wala mbegu zilizopevuka za kuhifadhi kwenye barafu. Nimewahi kukaa na kijana wa miaka 13 na kumuuliza kuhusu kuzaa. Alinitazama kama ninayemuuliza juu ya pensheni. Hakuwa mpumbavu. Alikuwa na miaka 13.

Lakini dada, usichukue aya hiyo ukadhani kusubiri hakuna gharama. Balehe nayo ni dawa yenye madhara ya kudumu kwa mtoto ambaye kweli hatabadilika. Matiti yakishaota hutoka kwa kisu. Sauti ya aliyezaliwa wa kiume ikishavunjika haikwezwi na kidonge chochote. Kila mwezi wa kungoja unaandika kitu mwilini, na anayeumia kila anapooga anaumia leo. Wanaosema "msubirini tu, itapita" wanajipa uhakika uleule wanaowalaumu wengine kuwa nao. Kule Uholanzi, kati ya vijana 720 waliopita kwenye kuzuia balehe na homoni, asilimia 98 walikuwa bado wanatumia homoni walipofuatiliwa. Kwa upande mwingine yupo Keira Bell wa Uingereza, aliyeanza sindano akiwa na miaka 16, testosteroni miaka 17, akaondolewa matiti akiwa na miaka 20, kisha akasimama mahakamani kusema alikuwa kijana mwenye huzuni aliyehitaji kitu kingine. Alishinda Desemba 2020, rufaa ikamwangusha Septemba 2021. Simpimi kwa asilimia. Mwili wake ni mmoja. Na wale 720 wengi wao wamefuatiliwa kwa miaka michache tu, ilhali majuto, yanapokuja, mara nyingi hayana haraka.

Sasa hizo nchi. Finland mwaka 2020 iliweka tiba ya kisaikolojia mbele na kubana dawa. Sweden ilifuata, hospitali ya Karolinska mwaka 2021 na mamlaka ya taifa mwaka 2022: dawa ziwe kwa nafasi za pekee, ikiwezekana ndani ya utafiti. Uingereza ilifunga kliniki ya Tavistock Machi 2024, ikazuia dawa za kuzuia balehe kwa dharura mwezi Mei, na Desemba ikafanya zuio lisilo na kikomo, huku ikipanga kufanya utafiti. Lakini usidhani Ulaya yote imegeuka. Jumuiya ya madaktari wa homoni za watoto ya Ufaransa mwishoni mwa 2024, na mwongozo wa pamoja wa Ujerumani, Austria na Uswisi Machi 2025, zote zimeacha mlango wazi kwa uchunguzi makini. Walisoma tafiti zilezile. Wamepishana katika swali moja: tusipojua, nani abebe mzigo wa kutojua?

Marekani ni habari nyingine. Vyama vikubwa vya madaktari vilisimama upande wa tiba. Mabunge ya majimbo yakasimama upande wa kuizuia, Arkansas ikitangulia mwaka 2021, na leo zaidi ya nusu ya majimbo yana sheria hizo. Tarehe 18 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliiacha sheria ya Tennessee isimame. Wengi wamelielewa vibaya hilo. Mahakama haikusema tiba ni mbaya. Ilisema jimbo halikuvunja katiba kwa kuizuia. Na katikati ya kelele zote hizo, uchambuzi wa takwimu za bima binafsi za Marekani uliochapishwa Januari 2025 ulionyesha kwamba vijana waliopewa dawa hizi walikuwa chini ya 1 katika kila 1,000.

Nifike kwenye swali lililokunyima usingizi.

Hapana, si kweli kwamba ukikataa dawa atajiua. Na hapana, si kweli kwamba hatari ni hadithi tu. Vijana wenye dhiki ya jinsia wana mawazo ya kujiua kwa wingi kuliko wenzao. Vifo, Mungu ashukuriwe, ni vichache. Finland ilifuatilia vijana 2,083 waliopelekwa kwenye kliniki za jinsia. Waliojiua walikuwa asilimia 0.3, na kwa rika lao la kawaida asilimia 0.1. Watafiti walipoingiza hesabu ya maradhi ya akili, tofauti hiyo haikuonekana tena kitakwimu. Uingereza, baada ya watu kudai kwamba kubanwa kwa dawa kumeleta wimbi la vifo, serikali ilimwita Profesa Louis Appleby, mshauri wake wa kuzuia kujiua. Kati ya wagonjwa wa Tavistock alikuta vifo 12 vya kujiua kwa miaka sita: 5 katika miaka mitatu ya kabla, 7 katika miaka mitatu ya baada. Kila kimoja ni msiba wa nyumba ya mtu, lakini wimbi halikuwapo. Na Marekani, katika vijana 315 waliopewa homoni na kufuatiliwa kwa miaka miwili, kwa wastani walipata nafuu ya kiasi, na wawili walijiua wakiwa kwenye tiba.

Hili linaniuma, nitalisema bila kupunguza makali. Kumwambia mzazi "unataka mwana aliye hai au binti aliyekufa", mbele ya mtoto, ni kosa la kitabibu. Linamwogopesha mzazi asifikiri, na linamfundisha mtoto kwamba kifo ndicho kinachofuata akiambiwa bado. Asikwambie mtu hivyo, na akikwambia, ondoka naye.

Wewe muulize mtoto mwenyewe, kwa utulivu, mkiwa wawili: "Huwa unawaza kujidhuru? Unawaza kufa?" Kuuliza hakumwingizii wazo kichwani, kunalitoa alipolificha. Akisema ndiyo, usihubiri. Ondoa dawa na vitu vya hatari mahali anapofika, usimwache peke yake usiku huo, na mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili haraka, kabla ya habari yoyote ya jinsia.

Nije kwa mtoto huyu hasa, maana kuna jambo ambalo huenda mtandao haukumwambia. Ana miaka 14. Kwa waliozaliwa wa kike, balehe huanza kama miaka 10 au 11, na hedhi huja kama miaka miwili baadaye. Kwa hiyo karibu kazi yote ambayo sindano zingeizuia imekwisha kufanyika. Akichomwa leo, matiti hayatarudi ndani. Atapata zaidi joto la ghafla mwilini, uchovu na mifupa kusimama, kama mwanamke anayekoma hedhi. Ule ugomvi mkubwa wa dunia kuhusu kuzuia balehe, kwake umepita. Kama kinachomtesa zaidi ni hedhi, kuna vidonge vya kawaida vya kuisimamisha ambavyo madaktari wa wanawake huwapa wasichana kwa sababu nyingi, na ukiviacha hedhi inarudi. Hilo unaweza kulizungumza na daktari wiki hii bila kuamua chochote kuhusu jinsia. Ukimwona anavaa nguo nzito kwenye joto, mabega yameinama mbele, mwangalie kifuani kwa upole: wengi hujibana kwa bandeji. Bandeji inakaza kila anapopumua. Fulana ya michezo inayobana ina nafuu, na asilale nayo.

Testosteroni ya kununua mtandaoni, hapo kataa bila kuyumba. Inaifanya damu iwe nzito, na bila vipimo hakuna anayejua kilichomo kwenye chupa.

Tafuta watu, kabla ya kutafuta dawa. Mwanasaikolojia wa vijana asiye na haraka ya kumkubalia wala ya kumgeuza. Atataka mikutano mingi, kwa miezi. Atauliza usonji, shule, nani anamwonea, anampenda nani, analala saa ngapi. Na atauliza jambo ambalo wewe umelipita: baba yake alifariki lini? Sisemi msiba ndio uliomfanya ajione mvulana. Nasema anayemchunguza mtoto huyu bila kuuliza kuhusu baba hajamwona bado. Daktari ampime pia mara moja, kuondoa shaka kama ni huntha, maana hilo ni jambo lingine kabisa, la viungo na vinasaba. Watu wa kumpiga, kumfungia au kumfanyia "marekebisho" usimpeleke. Wanaongeza jeraha na hawamwondolei kitu.

Ukiniuliza nasimama wapi: homoni kwa aliye chini ya miaka 16 siziungi mkono, na dawa za kuzuia balehe kwa ajili ya jinsia ningeziacha ndani ya vituo vinavyomfuatilia kila mtoto kwa miaka na kuchapisha wanachokiona, kiwe kizuri au kibaya. Kosa kubwa la miaka 20 iliyopita ni kwamba maelfu walipita kliniki na hesabu zao hazikuwekwa. Wakati huohuo sitaki polisi mlangoni kwa daktari wala kwa mzazi. Wapo ninaowaheshimu wanaonipinga pande zote mbili, na baadhi yao wamewaona watoto hawa wengi kuliko mimi.

Hapo nyumbani, kabla ya wataalamu, umeniuliza kimoyomoyo umwiteje. Lugha yetu imekupunguzia nusu ya ugomvi: "yeye" ni yeye, haina kike wala kiume. Yanayokwama ni maneno ya undugu, binti, kaka, dada. Muulize lipi linamchoma, uliache kwa sasa. Kumwita kwa jina lake la utani hakumfungi mtu maisha. Nywele na nguo hurudi.

Na ndiyo, mwambie umeniandikia. Msomee yote, hata pale ninapopingana na anachokitaka, hasa hapo kwenye mifupa na sauti, maana mwili tunaouzungumza ni wake na amekwisha kusoma nusu ya habari peke yake. Ataudhika. Mwache audhike. Akiuliza swali ambalo sikulijibu, liandike kama alivyolisema, usilinyooshe, unitumie.